Mkoche Usiozaa

Katumba, kando ya Songwe
4 Juni 1911

Baba Yunis,

Ugonile. Sisi tumeamka. Yunis sasa anakimbia, na hakimbii mpaka ashike kitu mkononi, kwa hiyo vyungu vyangu viwili vimevunjika. Mama yako Tulinagwe anakohoa asubuhi tu. Mpunga umevunwa. Ya nyumbani ni hayo.

Jumatatu iliyopita tarishi wa boma alikuja na karatasi. Bandarini wanajenga gati la meli, wanataka nguzo zisizoliwa na mchwa wala kuoza majini, na shina la mkoche ndilo la namna hiyo. Alisoma amri mbele ya baba yako, kwa kuwa yeye ndiye jumbe: mikoche inayozaa isiguswe, kwa sababu ni chakula cha watu, ule usiozaa ukatwe. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Mikoche yetu unaijua. Iko tisa, mchangani pale Songwe inapoingia ziwani, na ukifuata ufuko huu wote mpaka chini ya milima ya kwetu hutakuta mingine inayozaa. Minane inazaa. Mmoja, ule wa upande wa maji wenye shina lililopinda, kila mwaka unatoa mikia ya maua yenye vumbi la njano, basi. Huo ndio mume wa ile minane. Ukikatwa, minane haitazaa tena.

Sisemi kwa kusikia. Kwetu Ikombe, kwa Wakisi, ilikuwa sita. Mjomba wangu alikata miwili isiyozaa akapata nguzo za nyumba. Wakati huo nilikuwa mtoto wa kumbebea mama udongo wa vyungu. Ile minne imesimama mpaka leo, mirefu, majani mazuri. Tangu nilipovunja ungo haijatoa koche hata moja.

Mwaka jana Songwe ilipofurika na ndizi zikaozea shambani, unakumbuka Yunis alikula nini. Nilitwanga makoche, nikachekecha unga, nikamkorogea uji siku arobaini na moja.

Nilimtuma mama yako amwambie baba yako. Alicheka mpaka akaketi. Alisema, "Mti una mume? Na mahari ya wake wanane alitoa ng'ombe wangapi? Mwambieni huyo Mkisi afinyange vyungu."

Mimi mwenyewe siwezi kumwambia. Ukutila ni ukutila: mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hataji jina lake. Akipita njiani naingia migombani na kujifunika nguo kichwani. Miaka minne ya ndoa sijaiona sura yake. Kutoka mlango wangu hadi mlango wake ni hatua themanini; nimezipima kwa macho kutoka migombani, kwa kuwa kule sijawahi kukanyaga.

Wewe ni mwanawe, na unafanya kazi na Wadachi wa bustani ya mimea. Mwandikie, uweke muhuri wa bustani. Wakataji wanakuja tarehe 21 Agosti. Barua ni wiki tano kuja kwako na wiki tano kurudi. Ukiandika siku utakayoipata hii, zitabaki siku nane.

Mkeo,
Atuganile


Kambi ya bustani, nyuma ya Tanga
12 Julai 1911

Mama Yunis,

Barua yako ilifika juzi. Mwandiko wako umenyooka. Karani wa hapa ameutazama akasema mwalimu wako alikuwa mtu makini. Sikumwambia kuwa mwalimu ni mimi.

Kuhusu mikoche, tulia. Huku kila siku naona watu wakikata mpapai usiozaa, na mipapai iliyobaki inazaa mpaka inaegemezwa kwa miti. Ya Ikombe labda ni udongo, labda uzee. Mti hauna ndoa.

Wala usiilaumu karatasi ya boma. Aliyeshauri kwamba inayozaa iachwe aliwatakia mema watu wetu. Bila yeye yote tisa ingeanguka.

Bwana wa bustani amesafiri, atarudi baada ya siku kumi hivi. Nitamwuliza, ili roho yako itulie. Kumwandikia Baba kabla ya hapo sioni sababu. Atacheka mara ya pili, na safari hii atanicheka mimi.

Mbusu Yunis. Mfiche vyungu.

Hezroni


Kambi ya bustani
24 Julai 1911

Mama Yunis,

Bwana amerudi jana jioni. Asubuhi hii nilimwuliza kama mtu anayeuliza jambo dogo, nikiwa nimeshika ndoo ya maji. Akachukua karatasi akachora mikoche miwili. Ni kama ulivyosema. Mmoja unatoa vumbi, mwingine unalipokea. Bila vumbi hakuna koche.

Nikauliza, mmoja unatosha minane? Akasema unatosha hata thelathini. Nikauliza, mbona mipapai? Akasema watu hukata mingi lakini hubakiza mmoja, na asiyebakiza hutumia wa jirani. Akaniuliza kama sijawahi kuhesabu. Sijawahi kuhesabu.

Ndani kuna barua ya Baba, ina muhuri. Mpe Mwalimu Sadoki amsomee hapohapo. Akimkuta shambani, amsomee shambani. Tarishi anaondoka mchana, kwa hiyo hesabu yangu inaifikisha tarehe 28 Agosti. Mafundi huchelewa. Huku sijaona fundi aliyefika siku aliyosema.

Hezroni


Katumba
22 Agosti 1911

Baba Yunis,

Mafundi walifika siku waliyosema.

Barua yako ya tarehe 12 Julai niliipata tarehe 16 mwezi huu. Niliisoma mara moja. Kisha nikaenda kwa Mwalimu Sadoki nikamwomba amweleze baba yako kwa kinywa chake. Alisema, "Dada, mimi nimesomea kusomesha. Mti sijausomea."

Jana kulipopambazuka nikatandika mkeka chini ya mti nikaketi. Nilifikiri hivi: mti hauangushwi juu ya mtu. Mafundi walikuwa wanne. Mkubwa wao, Ezra, hakukasirika. Aliniamkia, akaweka shoka chini, akatoa tumbaku. Akasema, "Mama, sisi tunalipwa kwa siku. Kaa tu mpaka uchoke." Wakaketi kivulini wakanitania, kwamba huyu mti atakuwa ameniahidi ndoa. Nikaona wangeweza kungoja siku nzima, na kesho yake pia, na siku nane hivi za kuingoja barua yako ya pili si nyingi.

Halafu nikasikia kikohozi cha baba yako njiani.

Unajua nilichofanya. Miguu ilikwenda yenyewe. Niliingia kwenye matete na nguo kichwani, mkeka nikauacha. Baba yako akaketi juu yake. Alikaa hapo mpaka kazi ilipokwisha. Angekuwa mtu mwingine yeyote wa nchi hii, hata Mdachi, ningerudi. Nilihesabu mapigo mia tatu na kumi na mawili, kisha wakaanza kukata wawili kwa pamoja, nikapoteza hesabu. Ulianguka upande wa maji.

Walipoondoka niliokota mikia ya maua. Ni kumi na saba. Yote bado imefumba. Maua hufunguka Oktoba. Nimeitundika chini ya paa langu. Vumbi likitoka, nitapanda na kuipaka ile minane kwa mkono wangu.

Mkeka ule siwezi kuutumia tena. Nimempa mama yako.

Atuganile


Katumba
3 Septemba 1911

Mwanangu Hezroni,

Anayeandika ni Sadoki, anayesema ni mimi baba yako. Ukiona neno lililopambwa, ujue ni la Sadoki.

Barua yako yenye muhuri imefika. Mti ulikuwa chini siku ya saba, na sasa vipande vyake vimesimama majini bandarini. Unaniambia usikatwe. Nimemwuliza Ezra fundi kama anajua kuurudisha, amesema hilo bado hajafundishwa.

Sasa nisikilize. Karatasi ile ya boma ninayo. Tarishi aliwasomea watu amri tu. Yaliyobaki Sadoki alinisomea nyumbani, sisi wawili. Imeandikwa: kwa ushauri wa msaidizi wa bustani, Hezroni, mzaliwa wa Katumba, inayozaa ni chakula, usiozaa hauna faida. Niliposikia jina lako kwenye karatasi ya serikali nilisimama. Nilimwambia Sadoki arudie mara tatu.

Kisha mkeo akatuma neno lake. Nikaweka neno la mwanamke huku, neno la mwanangu huku. Wewe ungechukua lipi? Nimekwenda mwenyewe kuusimamia mti ukikatwa, kwa mgongo huu unaouma, ili neno lako litimie. Sasa unaniletea neno la pili. Mtoto wangu nilimzaa na mdomo mmoja.

Nimemkataza Sadoki asimwambie mtu. Sitaki jina lako lisemwe kisimani. Hata hivyo hofu ya nini? Mikoche imejaa makoche. Njoo ule.

Baba yako

Haya ni yangu, hakuyasema yeye. Mkeo huniuliza kila Jumapili kama namjua aliyelishauri boma. Nasema simjui. Niandikie nimwambie nini. — Sadoki


Kambi ya bustani
10 Oktoba 1911

Mama Yunis,

Nimesikia mti umeanguka. Pole. Nimesikia pia kwamba ile minane imejaa matunda, basi tungoje tuone. Hata vitabu vya Bwana hukosea.

Kuhusu aliyelishauri boma, mambo ya boma hupita mikono mingi. Usimsumbue Mwalimu.

Nimetuma sindano sita na kitambaa cha gauni la Yunis. Niandikie habari zake. Za mikoche zinatosha.

Hezroni


Katumba
30 Septemba 1913

Baba Yunis,

Kwa miaka miwili nimekuandikia habari za Yunis kama ulivyotaka. Leo naandika za mikoche.

Mwaka ulipokatwa mti tulikusanya vikapu thelathini na nane. Mwaka jana, thelathini na tano. Baba yako alimtuma mama yako mlangoni kwangu na kikapu kimoja kichwani, aniambie, "Wajane wamezaa." Watu walicheka wiki nzima, na wewe uliniandikia kuwa umefurahi kwamba nilikosea. Koche hukaa juu karibu miaka miwili kabla ya kuiva. Yale ya mwaka jana yalitungwa mume akiwa amesimama.

Mwaka huu ni nusu kikapu, na hayo ni masalio yaliyochelewa kuanguka. Mapya yote yaliporomoka yakiwa na ukubwa wa kidole gumba. Nimepasua sitini. Ndani hamna kokwa.

Sasa lililo kubwa. Watu hawasemi kwamba nilijua. Wanasema kwamba nilifanya.

Ile mikia kumi na saba haikufunguka. Ilikauka, na sikuitupa. Mwezi uliopita Angetile, mke wa mdogo wako, aliingia kuazima kinu akaiona chini ya paa. Alipiga yowe mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakasimama kutazama. Wanasema nimeufunga uzazi wa miti nikautundika nyumbani kwangu. Wanasema Mkisi alitabiri kwa kuwa alikuwa amekusudia. Watoto wawili wana homa, na hilo pia nimewekewa mimi.

Baba yako ametuma neno. Nirudi kwetu kabla ya Krismasi. Yunis abaki, ni mtoto wa nyumba hii. Mama yako alilisema neno hilo akitazama chini, kisha akanisaidia kumenya ndizi.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kulizuia. Boma lilishauriwa na mtu. Mtu huyo ana jina. Jina likisemwa mbele ya watu, wataona kuwa miti imeharibiwa na ushauri, siyo na mimi. Wewe unakaa na wanaoziandika hizo karatasi. Nitafutie jina. Sitaki kingine.

Atuganile


Kambi ya bustani
9 Novemba 1913

Atuganile,

Jina ni Hezroni.

Boma lilitaka kukata yote tisa. Lilimwandikia Bwana kuuliza kama mikoche ya Songwe ina faida. Yeye hakuijua, akaniita mimi. Nikasema inayozaa ni chakula, usiozaa hauna faida. Haikuchukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nilifurahi siku nzima. Nilidhani nimeokoa minane.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua unamsema nani. Nikakaa nayo. Ulinipa siku nane, nikatumia kumi na tano.

Baba analijua jina tangu mwanzo. Karatasi ya boma iko nyumbani kwake, na Sadoki ameisoma kwa macho yake. Waulizeni mbele ya watu.

Mpe Sadoki barua hii aisome Jumapili nje ya kanisa, yote, polepole. Nimeomba ruhusa ya kuja. Wamesema mkataba wangu unaisha mwaka 1915.

Hezroni


Ikombe
11 Januari 1914

Baba Yunis,

Barua yako ilifika Jumapili, tarehe 14 Desemba, kabla ya ibada. Niliisoma, nikaisoma tena, nikampa Sadoki kama ulivyoagiza.

Ibada ilipokwisha watu walibaki uani. Baba yako aliletewa kigoda akaketi mbele, kwa hiyo mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa kanisa, nguo kichwani. Kusikia nilisikia vizuri. Sadoki alisoma polepole. Barua yako ina mistari ishirini na sita. Alisoma kumi na tisa. Ile saba, ya baba yako na karatasi na macho ya Sadoki, aliiruka, na sauti yake haikutikisika.

Alikunja barua. Kisha baba yako akasema, "Mnamwona mwanangu? Yuko mwisho wa nchi, lakini amejitwika mzigo ili mkewe asitwikwe. Ndivyo nilivyomlea." Mtu akasema, "Mume ni huyo." Wanawake wakakupigia vigelegele. Hakuna aliyeamini. Wamekupenda kuliko zamani.

Ile mistari saba nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno. Kati yangu na watu kulikuwa na ukuta wa matofali tu. Sikupaza sauti. Mkwe hapazi sauti alipo baba mkwe. Nimejiuliza tangu siku hiyo kama ile ni heshima au ni miguu tu, kama siku ya mkeka.

Nilimfuata Sadoki baadaye. Alisema, "Dada, kiwanja cha shule alinipa yeye." Kisha akaniuliza kama nimebakiza chungu cha maji, cha kwake kimepasuka. Nilimpa.

Niliondoka tarehe 23 kwa mtumbwi wa watu wa kwetu waliokuwa wameleta vyungu kubadilisha na maharage. Yunis alinisindikiza hadi mchangani, anakimbia, kikombe mkononi. Hakukivunja. Mama yako alimshika mpaka tukaingia maji ya kina.

Barua yako ninayo. Sikukasirikii kiasi unachofikiri, sina nafasi. Nina kokwa kumi na nne za makoche ya mwaka 1912. Nimezifukia nyuma ya tanuru la vyungu, mchanga ukiwa na unyevu. Mwulize Bwana mche wa mkoche hukaa miaka mingapi kabla ya kutoa maua, na kama mtu anaweza kutambua mapema ni upi dume.

Atuganile


Kambi ya bustani
20 Februari 1914

Mama Yunis,

Bwana anasema miaka ishirini, labda zaidi. Kabla ya hapo hakuna awezaye kutambua.

Nimeomba ruhusa tena. Wamesema nisiombe mara ya tatu.

Hezroni


Katumba
23 Julai 1916

Baba Yunis,

Naandika bila kujua naipeleka wapi. Tangu vita vianze hakuna barua iliyopita. Mwaka jana mtu mmoja aliyetoroka mizigo alisema alikuona kwenye msafara wa wapagazi wa Wadachi, umebeba masanduku, unachechemea mguu wa kushoto. Nimemwomba karani wa Waingereza aichukue hii. Amesema ataiweka pamoja na nyingine. Nimeziona hizo nyingine, zimejaa gunia.

Waingereza wako bandarini tangu Mei. Meli zao zinafungwa kwenye gati lile. Nguzo hazijaoza.

Baba yako alikufa tarehe 9 mwezi huu. Hakuuawa na mtu. Jeshi la kwanza lilichukua ng'ombe, jeshi la pili lilichukua ndizi, wanaume wa kulima wako kwenye mizigo. Mama yako anasema kwa siku tatu za mwisho aliomba uji wa koche. Alimkorogea unga wa kigogo cha mgomba, akamwambia ni koche. Alionja akasema, "Tulinagwe, hata wewe." Kisha akanywa wote.

Mama yako alinitumia neno nije, nami nikaja. Hakuna aliyenizuia. Waliokuwa wakinisema wengi hawapo, na waliopo wana njaa. Angetile alikufa Machi na mtoto wake.

Baada ya maziko mama yako aliniambia niingie nimsaidie kufagia. Nilitembea kutoka mlango wangu wa zamani mpaka mlango wa baba yako. Ni hatua sitini na nane. Nilikuwa nimekosea kwa kumi na mbili.

Darini kulikuwa na chungu. Nilikitambua kwa mdomo wake. Nilikifinyanga mwaka wa ndoa, mama yako akampelekea. Ndani kulikuwa na karatasi ya boma, imekunjwa mara nne. Ni kama ulivyosema. Chini ya jina lako pamechorwa mstari kwa mkaa, na mahali pale karatasi imechakaa kwa kushikwa. Baba yako hakujua kusoma. Lazima alimwomba Sadoki amwonyeshe jina liko wapi.

Nilitoka nayo uani. Walikuwepo mama yako, Yunis, na majirani wawili wasiojua kusoma. Sadoki yuko kwenye mizigo kama wewe. Nilisimama nayo mpaka mama yako akaniuliza kama ni karatasi ya kuwashia moto. Nikasema hapana. Nimeirudisha chunguni, na chungu nimekirudisha darini.

Kati ya zile kokwa kumi na nne zilizoota ni tano. Tatu zililiwa na mbuzi wa askari. Miche miwili nimekuja nayo kwa mtumbwi, ndani ya vyungu nilivyotoboa chini, nikaipanda jana pembeni ya kisiki. Mmoja una majani manne, mwingine matatu. Sijui kama itashika. Ile minane imesimama yote. Majani yake ni mazuri sana mwaka huu.

Yunis ana miaka saba. Aliniamkia kama mgeni siku ya kwanza, ya pili akanishika nguo. Jana aliniuliza ni mche upi mume. Nikamwambia atajua akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Akafikiri, akauliza, "Na kama yote ni wake?"

Kisha alikata matete akaizungushia uzio yote miwili, akawa anaupima kwa mikono yake, na huu wenye majani matatu akauongezea safu ya pili kwa sababu ni mdogo.

Atuganile